Karo la Mama Lilipokufa

Mama alinipigia simu Jumamosi asubuhi, na kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kuitikia shikamoo yangu nilijua kuna jambo.

"Karo limejaa tena," akasema. "Gari la kunyonya majitaka limekuja wiki tatu tu zilizopita, mwanangu. Hela yote ile imekwenda na maji."

Karo la nyumba yetu pale Tabata, Dar es Salaam, yaani lile tangi la chini ya ardhi linalopokea maji ya vyoo na jikoni, lilijengwa mwaka 2008. Kwa miaka minane lilinyonywa mara moja tu. Halafu ghafla likaanza kujaa kila baada ya miezi miwili, kisha kila mwezi, na sasa wiki tatu. Fundi alisema karo ni dogo, tuchimbe jingine. Jirani alisema maji ya ardhini yamepanda. Binamu yangu mmoja alisema tununue ile poda ya bakteria inayouzwa dukani. Mimi kazi yangu ni maabara ya maji, ninapima majitaka ya watu wengine mwaka mzima, na karo la mama yangu mzazi sikuwahi kulifungua hata siku moja.

Nilifungua chemba nikiwa nimesimama upande unakotokea upepo, na nikamzuia mdogo wangu asisogee. (Hili naomba lisipite bila kusemwa: usiingie kwenye karo, wala usiinamishe kichwa ndani yake, hata kama limenyonywa likabaki tupu. Gesi ya salfidi hidrojeni hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani hewa ni safi. Wengi waliofia karoni walifuata aliyetangulia wakitaka kumwokoa.)

Karo zima lina harufu yake. Ni nzito, ina uozo ndani yake, lakini ukiizoea unaitambua kama unavyotambua harufu ya zizi. Hili la mama lilinuka klorini. Juu palikuwa na tabaka la mafuta lililoganda, jeupe lenye ukijivu, limekaa kama samli ya siku za baridi. Nikalichoma kwa fito, na fito ikasimama yenyewe. Nilingoja dakika kumi nikitazama pale nilipotoboa. Sikuona kiputo hata kimoja kikipanda.

Karo lilikuwa limekufa.

Wengi wetu tunalichukulia karo kama ghala. Uchafu unaingia, unakaa, ukijaa unaita gari. Lakini kama lingekuwa ghala tu, familia ya watu sita ingelijaza upesi sana na hakuna ambaye angeweza kuligharamia. Karo ni tumbo. Linakula. Yale majitaka hukaa humo siku moja mpaka tatu hivi, mazito yanatuama chini yakawa tope, mafuta na vyepesi vinaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la pili, lile lililojengwa kwa mawe bila saruji ili ardhi iyanywe. Tope lile la chini ndipo kazi ilipo. Hapo hapana mwanga wala oksijeni, na hapo wanaishi viumbe wasioonekana kwa macho ambao hula kile sisi tulichokimaliza.

Wanakula kwa zamu. Kinyesi, karatasi na mabaki ya chakula ni vipande vikubwa kuliko bakteria mwenyewe, hawezi kuvimeza, kwa hiyo anatema vimeng'enya, yaani kemikali za kusagia chakula, nje ya mwili wake. Vimeng'enya hivyo vinakata wanga kuwa sukari, protini kuwa asidi amino, mafuta kuwa asidi za mafuta. Kundi la pili huchukua vipande hivyo na kuvichachua, kwa njia inayofanana na ile ya togwa au mbege, na kutoa asidi. Kundi la tatu hugeuza asidi hizo kuwa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki, pamoja na haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Wa mwisho ni methanojeni. Hawa si bakteria kabisa, ni arkea, ukoo wa kale ulio mbali na bakteria kama sisi tulivyo mbali nao. Oksijeni huwaua. Wao hula asetiki na haidrojeni na kutoa gesi ya methani, na ile methani ikipanda juu ndiyo vile viputo nilivyovitafuta nisivione.

Kama umewahi kupika kwenye shughuli utaelewa hatari iko wapi. Wanaomenya vitunguu ni wengi na wana kasi. Anayesimamia sufuria la pilau ni mmoja, na hana haraka. Akianguka yeye, vitunguu vinarundikana mpaka vinaoza. Bakteria kama E. koli, akipata chakula na joto, hugawanyika kila baada ya dakika ishirini. Methanojeni walio wengi huhitaji siku nzima au siku kadhaa kuzaa kizazi kimoja. Wakipungua, asidi inarundikana, pH (kipimo cha uasidi na ualkali, ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi) inashuka chini ya 6.5, na kushuka huko kunazidi kuwadhoofisha hao hao wachache waliobaki. Tumbo linavimbiwa.

Nikamuuliza mama anamwaga nini chooni.

Alinijibu kwa fahari, na alikuwa na haki ya fahari hiyo. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, aliona jirani wawili wakibebwa. Tangu siku ile kila choo cha nyumba, pamoja na cha wapangaji, kilipata klorini asubuhi na usiku, na Jumamosi kilipata ile dawa kali ya asidi inayong'arisha sinki. Hakuacha hata ugonjwa ulipoisha. Mwaka uliofuata mdogo wangu alifungua kibanda cha chipsi hapo getini, na mafuta yaliyochakaa yakawa yanamwagwa kwenye sinki la jikoni, yakishushwa kwa maji ya moto ili yasigande kwenye bomba. Hayakuganda kwenye bomba. Yalikwenda kuganda mbele, kwenye karo, na kutoka hapo yakavuka mpaka shimo la pili na kuziba vijitundu vya udongo vinavyokunywa maji. Ndiyo maana karo lilijaa wiki tatu baada ya kunyonywa. Halikuwa limejaa kinyesi. Maji yalikosa pa kwenda.

Sikumlaumu, na siwezi kumlaumu mtu yeyote aliyeishi mwaka ule. Klorini kwenye maji ya kunywa, kwenye vyombo na kwenye mikono ni mlinzi wa kweli, na kidogo inayotokana na usafi wa kawaida karo huihimili. Ila hakuna aliyemwambia mama kuwa ndoo kwa ndoo, siku kwa siku, anawaua wale waliokuwa wakimsaidia kupambana na ugonjwa ule ule.

Naeleza kwa nini nasema hivyo, maana hapa ndipo nilipoipenda kazi hii.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa kwenye mabwawa ya majitaka ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu alitutaka tufike kabla jua halijachomoza. Mabwawa ya aina hii yamejengwa miji mingi ya Tanzania na Kenya, na kanuni yake ni moja. Kwanza huja bwawa lenye kina cha mita mbili mpaka tano, halina oksijeni kabisa, linalofanya kazi ya karo kwa kipimo kikubwa. Hufuata bwawa pana lenye kina kisichofika mita mbili. Mwisho ni mabwawa ya kina kifupi ya kukomaza maji, jua lipenye mpaka karibu na chini.

Saa kumi na mbili asubuhi tulizamisha kipimio kwenye lile bwawa pana. Oksijeni iliyoyeyuka ilikuwa karibu na sifuri. Maji yalikuwa ya kijani kilichokolea kama kisamvu kilichotwangwa, yametulia. Mwalimu akasema, "Andikeni, mkanywe chai, mrudi saa nane."

Saa nane mchana tulizamisha kipimio pale pale. Maji safi yenye joto la nyuzi 27 yakiachwa wazi hewani hushika oksijeni miligramu 8 hivi kwa lita. Mita yetu ilipita hapo ikaendelea kupanda. Bwawa lenye afya linaweza kuvuka 20. Hapakuwa na pampu wala umeme. Ule ukijani ni mwani, na mwani ukipigwa na jua hutoa oksijeni ndani ya maji kuliko maji yenyewe yanavyoweza kushika. Bakteria huipokea na kuchoma uchafu, wakitoa kaboni dayoksaidi, na mwani nao huipokea kaboni dayoksaidi hiyo ili ujilishe. Kila mmoja anaishi kwa pumzi ya mwenzake. Usiku mwani hupumua kama sisi na oksijeni hushuka, ndiyo maana alfajiri tulikuta sifuri.

Nilichukua tone nikaliweka chini ya hadubini ya chuo. Niliona Euglena, kiumbe wa seli moja mwenye rangi ya kijani, akijivuta kama mtu anayejinyoosha kitandani. Pembeni yake palikuwa na Vortisela, kengele ndogo isiyo na rangi iliyoshikiliwa na uzi mrefu. Mdomo wake umezungukwa na vinywele vinavyopiga maji na kuingiza bakteria ndani. Niligonga slaidi kwa kucha na ule uzi ukajikunja kama springi, kengele ikashuka, halafu polepole sana ikajinyoosha tena. Nilirudia mara nyingi. Mwalimu alinikuta hapo wenzangu wameshaondoka, akavuta kiti akakaa, hakunifukuza.

Mchana ule ule pH ya bwawa ilikuwa imepita 9, kwa sababu mwani unapomaliza kaboni dayoksaidi maji hugeuka kuwa ya alkali. Jua kali, oksijeni nyingi na pH ya juu vikiungana, bakteria wa tumboni mwa binadamu hufa kwa kasi. Lakini kimelea cha kipindupindu ni mkaidi. Alkali haimsumbui, tena huipenda kuliko wenzake. Kinachommaliza ni kile tunachokilalamikia zaidi: salfidi ya lile bwawa la kwanza, yenye kunuka yai viza. Duncan Mara, mhandisi Mwingereza aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuyasoma mabwawa haya maisha yake yote, ni miongoni mwa waliolionyesha jambo hili. Watu hupita wamefunika pua, na ndani ya harufu ile kipindupindu kinauawa.

Mabwawa nayo huugua. Yakipewa mzigo kuliko uwezo wake, mwani hufa na salfidi hupanda mpaka juu, na siku nyingine unafika unakuta maji yamekuwa mekundu-zambarau kama juisi ya rosela. Huo si uchafu wa kiwandani, ingawa simu zitapigwa kuuliza. Ni bakteria wa zambarau wanaotumia salfidi na mwanga kujilisha, wamechukua nafasi iliyoachwa wazi. Mimi nikiona rangi ile nafurahi nusu: bwawa limezidiwa, lakini kuna aliyejitokeza kula ile salfidi kabla haijafika kwenye madirisha ya watu.

Ulaya walipita njia nyingine, na inafaa kuijua kwa sababu tunaikopa mara nyingi bila kuuliza bei. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett, wanakemia wa kituo cha majitaka cha Davyhulme huko Manchester, walijaza majitaka kwenye chupa na kuyapulizia hewa. Mara ya kwanza iliwachukua takriban wiki tano mpaka amonia yote igeuke kuwa naitreti, yaani mpaka usafishaji ukamilike. Watu kabla yao walikuwa wakimwaga kila kitu na kuanza upya. Hawa wawili walimwaga maji wakaacha tope, wakajaza majitaka mapya juu yake. Wakarudia, na kila mara tope likazidi na muda ukapungua, mpaka kazi ya wiki tano ikaisha ndani ya saa 24. Lile tope walilolibakiza lilikuwa umati wa viumbe wenye njaa. Miji mikubwa ya dunia leo hutumia njia hiyo.

Kuna jambo dogo katika majaribio yale ambalo silisahau. Chupa zao walizifunika kwa karatasi ya kaki ili mwanga usiingie, mwani usiote ukawavuruga. Kwao mwani ulikuwa mgeni asiyealikwa, na kwa jua la Manchester nadhani hawakukosea. Gharama yake ni kwamba hewa lazima isukumwe kwa mashine usiku na mchana, na kwenye mitambo ya aina hiyo kupuliza hewa peke yake humeza karibu nusu ya umeme wote, mara nyingine zaidi. Umeme ukikatika, tope linakosa pumzi. Nimewahi kusimama kwenye mtambo wa namna hiyo, hapa hapa Afrika Mashariki, vipulizo vimenyamaza na tope limelala chini jeusi, huku jua la saa saba likituunguza sote. Sitautaja ni wapi. Nasema tu kwamba joto letu ni mtaji: bwawa la kwanza lililo kwenye nyuzi 25 linaweza kuondoa asilimia 70 hivi ya uchafu unaooza bila swichi hata moja. Linachodai ni ardhi, na hapo ndipo miji yetu inapobanwa. Kule Ruai, mashariki mwa Nairobi, mabwawa yanayoitwa ya Dandora ni makubwa kiasi kwamba viboko wameyahamia na wapenda ndege husafiri kwenda kuyatazama. Bwawa likizungukwa na nyumba hadi ukingoni haliwezi tena kupanuliwa, na mji unaoongezeka hauachi kulitumia.

Na hata pale linapofanya kazi vizuri, bwawa halimalizi kila kitu. Moshi, kwenye tambarare chini ya mlima, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji hutumika na wakulima wa mpunga. Naona ni jambo zuri, kwa sababu naitrojeni na fosforasi tuliyokula inarudi shambani badala ya kulisha magugu mtoni. Lakini anayesimama na miguu mitupu kwenye jaruba anastahili maji yaliyopimwa. Kiwango cha Tanzania kwa majitaka yaliyosafishwa ni BOD miligramu 30 kwa lita, yaani oksijeni ambayo bakteria wataihitaji kumaliza uchafu uliobaki, ikipimwa kwa siku tano kwenye nyuzi 20. Mayai ya minyoo ni habari nyingine. Hakuna bakteria anayeyala. Yana ganda gumu, na yale ya Ascaris, mnyoo mkubwa wa tumboni, yanaweza kubaki hai miezi mingi, hata miaka. Kinachoyaondoa ni uzito wake tu: yanazama yakipewa siku za kutosha kwenye maji yaliyotulia, kisha yanabaki kwenye tope yakimsubiri atakayelizoa. Kwa hiyo dereva wa gari la majitaka, na wale vijana wanaotapisha vyoo usiku mitaani kwetu bila glavu, ndio walio karibu zaidi na hatari, na ndio tunaowalipa kwa kubishana bei.

Turudi Tabata. Poda ya bakteria sikununua. Kila gramu ya kinyesi huja na bakteria wapatao bilioni mia moja, wenyeji wa kazi hiyo. Karo halikupungukiwa mbegu, lilipungukiwa amani. Tuliondoa tabaka la mafuta kwa upawa wenye mpini mrefu na ndoo, tukaita gari, na fundi mwingine akachimba shimo jipya la kunywea maji, kwa sababu lile la zamani mafuta yalishaliharibu na hakuna dawa ya kulirudisha. Hiyo ndiyo gharama kubwa tuliyolipa.

Dereva wa gari alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Alipofika karibu na chini akazima pampu.

"Mama, nakuachia kidogo."

"Kwa nini uniachie na mimi nimekulipa yote?"

"Nikilamba mpaka sakafu utaanza upya. Hili jeusi la chini ndilo linalokula."

Sijui alijifunzia wapi, lakini ni kile kile Ardern na Lockett walichokiona ndani ya chupa. Nilimpa mkono.

Mdogo wangu sasa anaweka mafuta yake kwenye dumu, na fundi wa sabuni huja kuyanunua. Klorini imebaki ya ndoo ya maji ya kunywa na sakafu. Choo kinasuguliwa kwa brashi na sabuni.

Miezi mitatu baadaye nilifungua tena chemba, mama akiwa nyuma yangu na khanga puani. Harufu ilikuwa imerudi, ile nzito ya zizi. Juu palikuwa na utando mwembamba wa kahawia. Tulingoja. Kikapanda kiputo kimoja, kikapasuka. Kisha viwili pamoja, upande wa ukuta.

"Ndio wao?" mama akauliza.

"Ndio pumzi yao."

Akatazama kidogo, akaniambia nifunike. Jioni ile nilikuwa nafunga mkoba wangu chumbani nikamsikia uani akimwambia mpangaji mpya aliyetoka na sufuria la mafuta: "Hapo usimwage, mwanangu. Humo kuna viumbe wanafanya kazi."